Baba, Misumari Nimeshatema

Ni mwaka mmoja sasa tangu stuli yako ya karakanani ikose mwenyewe, Baba, na la kwanza ni hili, upate kutulia huko uliko: mimi kitinda mimba wako nimeshaacha kuweka misumari mdomoni. Niliapa kaburini kwako, watu wakasikia. Fizi zangu ni nzima, hazina neno.

Tunaukumbuka utani wako. Mteja akileta kochi lililobonyea, ulilikalia kwanza, ukafumba macho, halafu ukamwambia, "Shemeji, kochi hili limechoka kuliko wewe." Na mpasuko mdogo hukuulaza. "Leo ni uzi," ulikuwa ukisema, "kesho ni kochi zima." Jirani yetu mjane bado anakalia kiti ulichomshonea bure.

Ila mpasuko wako mwenyewe uliulaza miaka nenda rudi. Misumari kumi mdomoni, nyundo mkononi, msumari mmoja mmoja ukiusukuma kwa ulimi. Asubuhi ukipiga mswaki, povu jekundu. Dada, muuguzi wetu, alikuburuta hadi kwa daktari wa meno.

"Mzee, fizi hizi zimevimba tangu lini?"

"Tangu nioe."

Mama hakucheka. Daktari naye hakucheka. Alisema uvimbe usiopoa ni kama moto wa pumba: mwali huuoni, ndani kunaungua. Mwili unashinda vitani, mpaka insulini ikipiga hodi haiitikiwi vizuri, na sukari inabaki kuzurura kwenye damu. Si kwamba fizi peke yake ndizo zinazoleta kisukari, alisema, ila zinaongeza hatari, na kisukari nacho kikishaingia kinazichochea fizi. "Tuanze kuzitibu. Na sukari ukapime wiki hii."

Ukasema utamalizia kwanza viti vya ukumbi. Vilikuwa sitini. Vilipoisha vikaja vingine. Ulipokwenda kupima, miaka miwili ilikuwa imepita na figo zilikuwa zimeshachoka.

Tangu hapo mimi situlii. Nakaa, nasimama, napanga sponji zilizokwisha kupangwa. Hata tangazo hili la kumbukumbu naliandika huku nikiizunguka stuli yako, kochi la mteja likiwa limelala chali.

Nilipofika mstari huu, Mama akatokea mlangoni. "Nisomee ulichoandika," akasema.

Nikamwonyesha karatasi.

"Miwani nimeiacha. Soma wewe."

Nikamwashiria asubiri kidogo.

"Mwanangu, fungua mdomo."

Akakinga kiganja kama alivyokuwa akinikingia nikiwa mtoto na kitu kooni. Nikatema. Akaihesabu: saba, na mmoja una damu.

"Baba yako alinidanganya kwa kuchekesha," akasema taratibu. "Wewe unanidanganya kwa kuandika. Malizia hapo hapo, na hili la misumari uliandike. Dada yako anatungoja zahanati."

Wanaokukumbuka: mkeo, ambaye ameshabeba mkoba na ile misumari saba ndani yake (anasema ni ya kumwonyesha daktari), binti yako muuguzi, wajukuu zako wawili wanaogombea stuli, mafundi sofa wenzako, na mimi, mdomo mtupu, ninayekwenda kupima sukari leo hii.

Daima tutakukumbuka, Baba. Safari hii usiniamini mimi, muulize Mama.