Papa, Usipokee Bia ya Shemeji

Bugarama, Jumapili

Papa wangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na Maman. Mgongo wako unaendeleaje, na mvua imeshaanza huko Kalemie? Neema ni mzima, ameng'oka meno mawili ya mbele na anacheka bila aibu. Mimi nipo. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatiza kabla sijamaliza.

Baba Neema amefungwa. Alinipiga sikio la kushoto, mchana kweupe, jirani akiona, kisa chumvi kwenye mboga ya sombe. Kesho yake nilikwenda kazini, nikageuza mpunga juani kama siku zote. Sikulia. Mpaka leo sijalia, sijui kwa nini. Jirani ndiye aliyekwenda kumwambia mkuu wa kijiji, na huku jambo kama hilo likishaandikwa halifutwi.

Mwanzoni waliandika kwamba ananitesa na kunitukana. Hilo wanaliita deli, kosa la kati. Halafu nikapelekwa hospitali. Daktari alinivalisha vitu masikioni, akaniambia niinue mkono kila nikisikia mlio. Zamu ya sikio la kushoto ilipofika, mkono ulikaa tu pajani. Akaandika kwamba sikio hilo halitapona.

Mwendesha mashtaka, mama mmoja mpole, akaisoma karatasi. "Maman Neema, sasa hii imekuwa krime, kosa kubwa. Hata wewe ukisamehe, kesi ni ya serikali." Nikasema ndiyo. Nilikuwa nawaza kama nimekunja maturubai ya mpunga.

Juzi akaja shemeji, kaka yake.

"Shemeji, si sikio moja tu? Ile ingine si inasikia? Urudi kwa munganga, umwambie inasikia kidogo. Mutoto atakula nini?"

Nikamwambia mtoto anakula kwa kazi ya mikono yangu tangu azaliwe. Akasimama kwa hasira. "Basi tutaenda kwa mzee. Mzee akikunywa, mambo imeisha."

Anakuja huko kununua samaki wa ndagala, na atakushushia kreti ya bia mbele ya majirani. Mama muuza vitenge anayekuletea barua hii atamtangulia. Unaijua desturi yetu: baba akinywa, binti amerudi kwa mumewe. Ukishamaliza chupa, atakuomba usaini barua ya msamaha. Barua hiyo haifuti kosa, lakini hakimu anaweza kupunguza adhabu kwa ajili yake, na siku mwenyewe akitoka, watakuja kunichukua mlangoni wakisema baba yangu ameshakubali.

Sikuombi umchukie. Mimi mwenyewe nimeitafuta hiyo chuki, siioni. Nimechoka tu, na nataka kulala bila kusikiliza miguu yake ikiingia.

Msalimie Maman, mwambie kitenge alichotuma kilifika. Nisalimie kaka yangu fundi baiskeli, na shangazi muuza mawese, aache kuuliza nitazaa lini tena. Neema anamsalimu babu yake.

Papa, aliponivunja kidole, ulikunywa, nikarudi. Aliponifungia nje na Neema mgongoni, ulikunywa, nikarudi. Sikukulaumu, mara zote mbili. Safari hii ukinywa, nitakulaumu.

Binti yako,
Feza