Usiniandikie Tena "Alhaji"

Kiponda, Mji Mkongwe,
Zanzibar.
Jumatano, 3 Januari 2001.

Mpendwa Dada Afra,

Shikamoo. Nakushika miguu, ingawa kutoka hapa hadi Maskati mkono haufiki. Natumai barua hii itakukuta mzima, goti limetulia na sukari haijapanda. Na Shemeji Majid, kifua chake vipi? Mwambie apunguze kukaa kwenye kiyoyozi. Upepo wa bure upo nje.

Sisi hatujambo. Riyama anakusalimu sana na anasema ile halwa uliyotutumia Idi imemalizwa na wageni. Mimi niliuona mkono wa mgeni mmoja ukirudi kabatini mara nyingi, na ulikuwa umevaa bangili za mke wangu. Dari ya chumba cha mbele bado inavuja pale pale ulipopaacha.

Mimi bado niko na meza yangu ya saa chini ya ngazi. Saa za siku hizi ni za plastiki, zikifa zinatupwa. Kwa hiyo nakaa zaidi kutazama wapita njia kuliko kutengeneza.

Barua yako niliipata juzi. Bakar, huyu muuza kahawa wa barazani kwetu, ndiye aliyetuletea kutoka posta, na kama kawaida yake akaisoma bahasha kwa sauti: "Alhaji Zahran!" Wazee wote wakaitikia mashaallah. Niliipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepewa mtoto aliyekwisha kujikojolea.

Ndani umenipongeza kwa hija yangu ya mwaka jana. Umenilaumu kidogo kwamba umeisikia kwa watu, si kwangu. Umenambia mwaka huu na wewe unakwenda, inshaallah, na umeniuliza viatu gani vinafaa, na kama Mina usiku kuna baridi.

Dada, kaa kwanza, halafu endelea kusoma. Sijui kama Mina kuna baridi. Sikwenda kuhiji.

Yalianza hivi. Mwishoni mwa mwaka tisini na tisa mwanangu Tamim alinipigia simu kutoka huko Florida anakoishi. Unajua binti yake Khawla nilikuwa sijamwona ila kwenye picha. Akanambia, "Baba, mwakani nna uwezo wa jambo moja tu. Ama nkupeleke Makka, ama uje huku tupande meli na Khawla, tutembee visiwa vya Karibi. Chagua mwenyewe." Nilichagua kabla simu haijakatika. Nilisema Makka iko pale pale, Khawla anakua. Neno hilo hadi leo silioni baya. Ubaya uliingia baadaye.

Meli yenyewe ni ya starehe. Inatoka bandarini, inazunguka siku saba, inarudi bandari ile ile. Haimpeleki mtu popote. Nimezaliwa karibu na gati na nimekuwa mzee karibu na gati, sijapata kuona watu wanaolipa nauli ili warudishwe walipotoka.

Riyama hakutaka kwenda, ndege anaiogopa. Tiketi yangu ikawa ya kupitia Jedda, na likizo ya skuli ya Khawla ikaangukia katikati ya Mfunguo Tatu, watu wote wa dunia wakielekea hija. Jioni moja Bakar akaniuliza:

"Yakhe Zahran, nasikia unasafiri. Unapitia wapi?"

"Jedda."

"Mwezi huu?"

"Mwezi huu."

Akaliweka chini dele la kahawa, akanikumbatia, akalia. Bakar, Dada! Mtu ambaye hakulia alipomzika baba yake.

Nafasi ya kusema nilikuwa nayo. Nakadiria sekunde nne, na mimi fundi saa, sekunde nazijua. Nilichotakiwa kusema ni kwamba, mzee wa miaka sitini na moja ambaye hajaiona Alkaaba, nakwenda kupanda meli yenye bwawa la kuogelea. Sekunde zikapita. Nikasema, "Niombeeni dua."

Basi watu wakaja nyumbani kuniaga na kuniomba radhi, kama anavyoombwa mtu anayekwenda kuhiji. Yule jirani tuliyenuniana miaka tisa kwa ajili ya saa yake ya ukutani akaja kukiri kwamba kweli aliiangusha mwenyewe. Riyama akanambia jikoni, "Mie mdomo wangu nnaufunga, aibu yako ni yangu. Lakini wewe ndo' wa kuufungua." Sikuufungua.

Wa mwisho alikuwa Bi Mwatum. Najua hujamsahau; nusu ya malezi yetu ni mikono yake. Bado anakaa chumba kile cha chini, sasa amepita themanini na jicho moja limeingia ukungu. Na mwanawe Kificho utamkumbuka, mwenzangu wa gololi, aliyepanda meli ya mizigo mwaka sitini na sita akapotea baharini. Hata nguo yake haikurudi.

Akanishika mkono. "Mwanangu, ukisimama Arafa nitajie Kificho. Mtaje jina lake lote."

"Nitamtaja, Bi."

"Sema nisikie."

"Kificho Vuai Makame."

"Tena."

Alinisemesha mara tatu, kama tulivyosemeshwa chuoni tulipokuwa tukisoma Kurani, kisha akaondoka ameridhika.

Kwenye ndege nilikaa na watu waliovaa shuka nyeupe za ihramu. Mzee mmoja wa Tumbatu, amekaa ubavuni pangu, akaniuliza mbona mimi sijavaa. Nikamwambia bado. Tuliposhuka Jedda wao wakaelekezwa mlango mmoja, na mimi, na suruali yangu ya kijivu, mlango wa wanaounganisha ndege. Yule mzee aligeuka akaniita kwa mkono. Alidhani nimepotea.

Sitakuficha kwamba kwa Khawla nilifurahi. Ana meno mawili ya mbele yametoka na anazungumza Kiswahili kama mtu anayetembea juu ya mawe. Alinionyesha meli nzima, ghorofa kumi na mbili. Watu wanakula mara tano kwa siku, na kati ya mlo na mlo wanauliza chakula kiko wapi.

Siku ya nne, Jumatano, meli ilifunga gati Jamaika. Tukapakiwa kwenye basi kwenda kutembezwa. Unadhani tulipelekwa wapi? Shamba la viungo. Nimevuka nusu ya dunia, mimi niliyekuwa nikiiba kungumanga mashamba ya Kidichi, nikaonyeshwa kungumanga. Kijana mtembezaji akakwangua gome akatuuliza ni la mti gani. Watu wakababaika. Nami nilinyamaza. Kunyamaza nilikwisha kukuzoea.

Saa yangu ya mkono sikuibadilisha tangu nilipoondoka. Niliiacha kwa majira ya nyumbani, nipate kujua Riyama anafanya nini. Pale shambani, asubuhi ya kwao, nikaitazama: saa kumi na mbili za jioni. Majira ya nyumbani na ya Makka ni mamoja. Na siku ile, Dada, ilikuwa siku ya Arafa. Mahujaji wamesimama wanaomba dua, imebaki nusu saa jua lizame. Riyama na Bi Mwatum, na uzee wake, wamefunga na wanangoja adhana. Mimi nna mayai manne tumboni.

Nikasema moyoni, nitoke pembeni nimtaje Kificho hapa hapa, Mungu anasikia popote. Nikapiga hatua moja. Yule mtembezaji akanivika kofia aliyoisuka kwa makuti, wenzangu wakapiga makofi, mpiga picha wa meli akanambia nicheke. Nikacheka. Halafu ikaja zamu ya kuonja chai ya tangawizi, halafu Khawla akataka ndizi. Nilipoitazama saa tena, ilikuwa saa moja kasoro dakika kumi. Jua la Arafa limezama.

Jioni nikaenda nyuma ya meli, nikashika chuma, nikainamisha kichwa. Nilitaka kusema jina, nikaona haya kulisema likiwa limekwisha kuchelewa. Akaja mtumishi, akadhani kichefuchefu kimenishika, akanipa tofaa la kijani. Nikalila. Hiyo ndiyo hija yangu.

Niliporudi nikakuta watu wamejaa ukumbini, na dufu linapigwa. Nywele hakuna aliyeuliza mbona sikunyoa. Unajua zilishaniaga zamani. Weusi niliorudi nao usoni kutoka Karibi wakauita jua la Arafa. Bakar akafungua begi langu akakuta chupa ya maji niliyoichukua chumbani melini. Kabla sijatia neno ameshaiita zamzam na kuigawa vikombe vidogo vya kahawa, na watu wazima wakageukia kibla, wakapiga bismillahi, wakanywa maji ya meli. Mmoja hadi leo anasema mgongo wake ulipona siku ile.

Yote hayo, Dada, nilikuwa najitetea kwamba sikusema uongo. Watu walidhani, nami sikuwakataza. Lakini Bi Mwatum akaja na mkongojo wake, watu wakampisha, akasimama mbele yangu.

"Umemtaja?"

"Nimemtaja, Bi."

Uongo huo sina wa kumsingizia. Ni wangu.

Akasema alhamdulillahi, akakaa palepale sakafuni. Kuanzia siku ile aliacha kumlilia Kificho. Miaka thelathini na nne kila kuamkia Ijumaa tulikuwa tukimsikia. Akanyamaza, na mimi ndiye niliyekosa usingizi.

Miezi tisa nimekuwa Alhaji. Nawekwa safu ya mbele msikitini. Naitwa kufungua dua za harusi. Huenda ningekufa na jina hilo, maana mimi si jasiri. Lakini wewe umeniuliza habari za viatu, ukaniamini, na Bi Mwatum tangu Ramadhani amelala sana; miguu imevimba na daktari wa spitali hasemi sana. Nikaona atatangulia na uongo wangu mkononi.

Jana baada ya alasiri niliteremka chumbani kwake na picha ya shambani. Tarehe imepigwa chini yake. Akaisogeza kwenye jicho linaloona.

"Huyu nani?"

"Ni mimi, Bi."

"Umevaa nini kichwani?"

"Makuti."

"Hii ndo' Arafa?"

"Siyo Arafa. Sikwenda, Bi. Siku ya Arafa nlikuwa hapo."

Nikamweleza yote, simu ya Tamim hadi tofaa. Kilichosikika ni saa yake ya mezani, niliyoitengeneza mimi na inachelewa dakika mbili. Nilikuwa nimejitayarisha kwa lolote atakalosema juu ya hija.

Akauliza, "Hiyo meli yenu, ilikuwa juu ya maji ya chumvi?"

"Ya chumvi, Bi."

"Siku ngapi?"

"Saba."

"Siku saba umelala juu ya bahari, na jina lake unalo mdomoni. Hukumwita hata mara moja?"

"Sikumwita."

"Mwanangu hana kaburi, Zahran. Yumo humo. Mie hata ngalawa siwezi kupanda. Wewe ukafika juu yake kabisa, ukanyamaza."

Nikamwomba radhi. Akasema, "Radhi yangu iko barazani kwa Bakar. Ijumaa watu wakitoka kusali ukawambie, wote. Ukimaliza njoo uichukue."

Nilipofika mlangoni akaniita, "Zahran!"

"Naam, Bi."

"Kwenye picha umenenepa."

Ijumaa ni keshokutwa. Naogopa, Dada, kuliko nilivyoiogopa ndege. Barua hii naitia posta kesho makusudi, ili hata ulimi ukinikauka barazani, pawe na mtu mmoja zaidi anayejua na atakayeniuliza. Picha nimekutilia ndani. Usiwaonyeshe watoto. Au waonyeshe.

Ombi langu ni hili, na ndilo la Bi Mwatum pia; nilipomwambia unakwenda alisema, "Mwambie Afra, yule alikuwa msikivu." Ukisimama Arafa, kabla jua halijazama, mtaje Kificho Vuai Makame. Mtaje mara tatu, kwa sauti, wasikie walio karibu. Sema ametumiwa salamu na mama yake Mwatum. Usinitaje mimi kabla yake. Pumzi ikibaki nitaje na mimi, Zahran tu.

Kuhusu viatu, nimemwuliza Mwalim Abrahman, yeye amekwenda kweli. Anasema makubadhi mepesi, jozi mbili, kwa sababu moja itapotea mlangoni. Akashangaa, akaniuliza, "Kwani wewe ulivaa nini?" Nikamwambia raba.

Ukinijibu, kwenye bahasha andika jina langu bila kitu mbele yake. Bakar ataisoma kwa sauti, na safari hii nataka aisome.

Nisalimie Shemeji Majid, binti yako Kulthum na wanawe, na yeyote huko anayetuulizia. Mwenyezi Mungu akufikishe salama, akukubalie, na akurudishe kwako ukiwa na jambo la kweli la kusimulia.

Mdogo wako akupendaye, ambaye bado hajenda,

Zahran