Mabutu Yaliyokataa Kukauka

Jumapili, Voi

Na bado nasema nywele za dawa zinashika mawimbi. Kosa lilikuwa la ukungu wa Chawia kule milimani, si langu.

Hapa Voi nikisokota nywele mbichi kuwa mabutu manane jioni, asubuhi yamekauka kabisa. Leo nimeamkia huko Chawia kwa kina Mwakio, mchumba wangu, siku ya yeye kunitambulisha kanisani kwao, nikashika kichwa: maji tupu. Nikiyafumua hivyo, nitakuwa kama kuku aliyenyeshewa.

Mama yake akachungulia. "Mbona hujatengeneza nywele, mwanangu? Tunachelewa."

Niliona haya, lakini nikamweleza. Nilidhani ataniletea kitambaa. Kumbe akanivuta jikoni, akachochea moto, akanikalisha kwenye kigoda na kunifumua mwenyewe, butu moja moja kila lilipokauka.

Mawimbi yalitoka, wacha tu! Wanawake kanisani walipouliza ni saluni gani, alinitangulia kujibu: "Ni ya jikoni kwangu."

Ncha zimeanza kukatika, hilo linanitia wasiwasi. Nitazipunguza.

Sasa kichwa chote kinanuka moshi na kesho niko kazini. Haziosheki… hapana, sizioshi tu. Sitaki moshi huo unitoke.