Mzigo wa Maboksi ya Tukuyu

Alhamisi, Kawetele

Kumbe maboksi yote yale yalikuwa ya chai. Hadi sasa kichwa changu kinakataa.

Nilipakia Dar, nikafunika turubai kwa mikono yangu, nikapanda mlima Kitonga injini ikilia. Waliniambia ni mzigo wa dukani tu, nami sikuuliza zaidi. Leo mwenye duka hapa Tukuyu amepasua boksi la kwanza mbele yangu. Majani ya chai, pakiti za rangi rangi, yametoka nje ya nchi. 

Nikamwambia, "Mzee, chai unaletewa Tukuyu? Si tumezungukwa na mashamba yake?"

Akacheka. "Dereva, siku hizi biashara ni huria. Watu wanapenda pakiti nzuri."

Redioni wanaimba hilo soko huria kila siku. Nilidhani ni habari za watu wa Dar.

Nimefika nyumbani nikakuta magunia mawili ya majani mabichi barazani. Mke wangu aliyachuma juzi. Yameshasinyaa, yameanza kunuka, na lori la kiwanda halijaja kuyachukua. Anasema kiwandani wamewaambia wachumaji wasubiri, kwa sababu chai iliyopo haina mnunuzi.

Sasa mimi na lori langu...

"Ndaga, Baba Tumaini, umerudi salama," mke wangu akasema, akanimiminia kikombe cha chai. "Safari hii umebeba nini?"

Nikamjibu chumvi.