Vigoda Viwili

Malangali, Sumbawanga
13 Januari

Kaka Marselino,

Shikamoo. Kabla ya yote, kuna sauti bado ninayo masikioni: mkwaruzo wa kalamu ya Sista kando ya rula, ikikata jina la mtoto nisiyemjua. Nitakueleza. Natumaini kifua chako kimepona na upepo wa Kasanga unakuacha ulale. Sisi ni wazima, na mahindi yamefika magotini.

Mwanao Silvana amepata nafasi. Jumamosi nilimpeleka mwenyewe sekondari ya masista, na godoro na ndoo yake. Kwa hiyo lile wazo la kumchukua akakusaidie kuanika dagaa, liweke pembeni.

Uliuliza kwa nini ilichelewa. Waliofaulu usaili walikuwa wengi, nafasi arobaini. Wanaobaki hupangwa kwa alama kwenye orodha ya akiba, na Silvana alikuwa wa tatu. Huitwi mpaka mmoja wa waliochaguliwa aseme haji, au siku ya kuthibitisha impite. Kila Ijumaa nilikwenda kuisoma karatasi ile ubaoni, kana kwamba macho yangu yangeisukuma. Mzee Teodori, ambaye mjukuu wake alikuwa wa tano, aliuliza kama gunia la maharage lingesaidia. Sista akamjibu kwamba maharage huenda jikoni, orodha haili. Kisha akasema wanaoziba njia ni wazazi wenzetu: mtu amekalia kigoda kimoja, cha pili amekiwekea mguu, na simu hapokei. Watu walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Alhamisi siku ya kuthibitisha ikafika, na wazazi watatu hawakutokea. Sista akakata majina matatu mbele yetu, akasoma la Silvana. Nikakaa pale pale kwenye ngazi.

Sasa kaka, nisikilize bila hasira. Tangu Novemba nilikuwa nimemwandikisha Silvana pia katika shule ya kutwa hapa mjini, na nikathibitisha. Sikukuambia kwa sababu ungesema hiyo inatosha. Huko nako kuna orodha ya akiba, na wa kwanza alikuwa Jasmin, binti wa jirani yetu Shida, yule muuza vitenge. Karibu kila jioni Shida alikaa jikoni kwangu akiuliza ni watu gani hawa wasio na huruma. Nilimmiminia chai, nikamwambia avumilie, orodha husogea. Hata Alhamisi ile, nafasi ya masista ikiwa tayari mkononi, nilinyamaza.

Silvana anakuamkia, na anataka umletee migebuka wa kukaanga ukija kumtembelea. Wasalimie wote wa huko ziwani.

Jana asubuhi nilikwenda shule ile ya kutwa, nikaandika kwamba tunaiachia nafasi, na sikuondoka mpaka mwalimu alipokata jina letu. Kalamu yake haikutoa sauti yoyote. Kisha nikaenda dukani kwa Shida kumwambia ni nani aliyekuwa ameweka mguu juu ya kigoda cha mwanawe. Alikunja kitenge alichoshika, akafunga duka, akaenda shuleni. Jioni hakuja kunywa chai. Leo nimempelekea sare ya kutwa niliyokuwa nimemshonea Silvana kwa siri. Ameikunjua, akaitazama sana, akasema mikono ni mirefu ila itapunguzwa.

Ni mimi mdogo wako,
Edith