Thina Kwenye Chupa ya Maji

Binti yangu,

Usiwashe jiko! Thina imemwagika sakafuni, fungua madirisha kwanza.

Bibi yako yuko hospitali, nimerudi kuchukua nguo zake tu. Asubuhi alimeza vidonge vyake kwa thina ya vanishi niliyoiweka kwenye chupa ya maji. Umenikanya mara ngapi? Akasema, "Mwanangu, maji gani haya yanaunguza?" Nikamtapisha. Kumbe ndiyo nimezidi kumuumiza, nesi anasema imeingia kwenye mapafu. Anapumua kwa shida.

Shangazi yako akipiga simu, ~~mwambie ni presha tu~~ mwambie kaka yake ndiye aliyeiacha chupa mezani.

Njoo upesi. Nikiwa kando ya kitanda chake bado ananishika mkono, na mimi siwezi kumtazama usoni.

Baba