Unga wa Kwanza ni wa Kuku

Baba,

Nakukumbuka, ndiyo, lakini leo nakuandikia kwa sababu umeniudhi, na kufa kwako hakujanipunguzia hasira.

Wale watu wa kinu cha kale cha maji kule bondeni, ulikokuwa ukienda kujitolea kila Jumapili tukitoka kanisani, walinipigia simu. Wanataka kuweka ubao ukutani wa kukukumbuka, wenye hadithi yako. Unajua ipi. Ile ya mzungu mwema wa Kiambu aliyewajengea wazee wetu kinu kama hicho mtoni, akawafundisha kusaga mahindi. Uliisimulia mbele ya wageni hadi wajukuu zako wameikariri. Juzi mwanangu Brayo aliisimulia darasani, akapigiwa makofi.

Nilikuwa karibu kukubali. Shangazi Wanjiru, dada yako aliyekuja kukuzika, alikuwa jikoni kwetu hapa ughaibuni, Dixon, akisonga ugali, nikampa habari kwa furaha. Akauacha mwiko ndani ya sufuria.

"Mzungu gani? Kile kinu alijenga baba yetu na wenzake. Mzungu ndiye alikifunga."

Akanieleza yote. Babu Mbugua na wanarika wake walichimba mfereji kwa majembe, wakachonga mawe, wakaunda gurudumu la mbao. Watu wakaacha kupeleka mahindi kusagwa kwa yule mzungu setla, naye akaenda kulalamika kwa Disii, mkuu wa wilaya wa serikali ya kikoloni. Askari wakaja, wakauziba mfereji, na mawe yakapelekwa shambani kwake. "Na baba yako alijua," akasema. "Alikuwepo."

Ulikuwepo, Baba.

Unakumbuka walipoyachonga upya mawe ya kinu cha hapa, wakakuuzia mfuko wa unga uliotoka kwanza? Tuliupika, mchanga ukalia menoni. Ukasema unga wa kwanza mawe yakishachongwa haulwi na mtu, ni wa kuku. Nikakuuliza kwa nini hukuwaambia. "Wacha, ni watu wazuri." Nikakuuliza wewe ulifundishwa na nani. Ukanitazama machoni. "Mzungu wetu." Kisha ukaendelea kutafuna mchanga kwa adabu.

Hata hilo ulimnyang'anya baba yako ukampa mtu aliyemletea askari. Kwa nini? Ili hawa watu wa kinu wakuruhusu kuufungulia maji mfereji wao? Ili wakuite rafiki? Miaka yote ulilinda maghala ya watu kule Downsview, lakini kinu cha baba yako hukukilinda hata kwa maneno.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi. Maji yakifunguliwa na gurudumu likaanza kulia, ulikuwa unanyamaza, nyusi zimejaa unga, hutaki mtu akusemeshe. Nilidhani ni raha. Sasa sijui ilikuwa nini, nawe huwezi kuniambia.

Jumapili nilikwenda. Nikawaambia ubao utakuwa na jina la Mbugua, na mfereji, na askari, la sivyo wasiweke kitu. Yule dada anayetembeza wageni akatabasamu, akasema hadithi yako ilikuwa nzuri zaidi. Nikamwambia ndiyo maana uliwapa hiyo. Wanasema watafikiria. Wafikirie. Huko kwenyewe wameandika kwamba kinu kilijengwa na kapteni mmoja, kana kwamba kapteni alibeba mawe mgongoni.

Brayo nimemweleza. Aliniuliza, kwa Kiingereza chake, kama babu yake alikuwa mwongo. Nikamwambia babu yake aliona askari wakichukua mawe ya baba yake akiwa mdogo kuliko yeye.

Sijakusamehe, na sitajifanya nimekusamehe kwa sababu uko kaburini. Lakini nakuahidi hili. Siku watakapoyachonga tena yale mawe, nitakuwa pale na wanangu, na wakianza kuuza unga nitawaambia mbele ya wageni wote kwamba huo ni wa kuku. Wakiniuliza nimejuaje, nitasema nilifundishwa na baba yangu, naye alifundishwa na baba yake.

Lala, Baba.

Njeri wako